Mfuniko Uliopigwa Vanishi Pande Mbili

Jikoni kwao watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kuvuta tumbo ndani, na kwa kuwa mume hakuwa na tumbo la kuvuta, kazi hiyo ilimwangukia mke. Bi Pindo hakulalamika. Padogo pako si pakubwa pa mwenzio, alisema siku walipohamia vyumba vile viwili vya ghorofa ya kwanza, na maneno hayo aliyaamini mpaka alipotafuta mahali pa kukatia kitambaa.

Alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake. Jina la Bi Pindo alipewa na wateja kwa sababu ya mapindo yake, ambayo yalidumu kuliko nguo zenyewe. Nguo ilichakaa ikawa tambara la kudekia, pindo bado limeshika. Katika nyumba ya zamani, ile yenye ua, alikuwa na meza pana ya kukatia. Meza hiyo haikupita kwenye ngazi za nyumba mpya, ikabaki huko huko. Cherehani ilipata nafasi chumbani, lakini kitambaa hakikupata. Alijaribu kukatia sakafuni, magoti yakagoma kumwinua. Akajaribu kitandani, na mtu aliyewahi kukatia kola juu ya godoro ndiye anayejua kwa nini duniani kuna kola zenye upande mmoja mrefu.

Mumewe alikuwa seremala, na watu walimwita Fundi Pande Mbili. Hakuna kitu kilichotoka kwenye banda lake kikiwa kimepigwa vanishi upande mmoja tu. Ukigeuza kabati lake, mgongo unang'aa. Ukichomoa droo, chini yake laini kama juu. Wateja wenye haraka walimsihi auache ule upande wa ukutani, maana hakuna atakayeuona, naye aliwajibu jibu lile lile miaka nenda miaka rudi: "Ukuta nao una macho." Wakangoja, wakanuna, na mwaka uliofuata wakarudi na kazi nyingine.

Kilichomtoa kwenye banda hakikuwa uzee wenyewe. Mtu mmoja aliagiza mlango, na mlango ukaja mfupi kwa upana wa vidole viwili, kwa sababu fundi alisoma tepu vibaya. Mwenye mlango hakugomba. Aliutazama, akamtazama mzee, akasema kwa upole, "Si kitu, baba, nitaongeza kipande hapo chini." Fundi Pande Mbili alirudi nyumbani akafunga randa, misumeno na patasi zake ndani ya gunia, akalikaza kwa kamba. Walipohama alilibeba mwenyewe, akalisukuma uvunguni mwa kitanda, na hakulitaja tena.

Baada ya hapo alikaa dirishani. Alikaa kama mgeni aliyeambiwa asubiri chai, mikono juu ya magoti, akitazama watu wakipita mtaani. Akiulizwa jambo alijibu, akipewa chakula alikula na kushukuru. Bi Pindo alikuwa amezoea mume mwenye ubishi, mtu wa kugombana na msumari uliopinda, na ule upole mpya ulimtia hofu kuliko ugonjwa. Alitamani hata amkaripie kwa sababu ya chumvi.

Asubuhi moja, baada ya kuharibu kola ya sare ya mjukuu, hakumwambia mtu yeyote. Aliliambia friji. "Mtu mzima na mikasi yake," alisema, "anakata nguo kitandani kama mtoto anayekatakata magazeti. Na hapa juu ya jiko pamekaa patupu kutwa nzima."

Dirishani kiti kililia. Fundi Pande Mbili alikuja akasimama mlangoni pa jikoni, akalitazama jiko la gesi, lile la plate nne, pana, lenye kimo kinachofika kiunoni. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda chumbani, na Bi Pindo akasikia gunia likiburutwa kutoka uvunguni. Alishika ukingo wa sinki, akasimama hapo bila kufanya lolote, kwa furaha.

Mbao zilitoka kwenye kitanda cha zamani cha watoto, ambacho walikuwa wamehama nacho bila kujua kwa nini. Alizipiga randa, akaziunganisha kwa gundi ziwe mfuniko wa jiko, akazitilia fremu ya kushuka pembeni ili mfuniko ukalie ukingo wa chuma wa jiko na usiguse vichomeo. Kila upande akaweka mkono wa kushikia, na ukutani akapiga ndoano ya kuutundika wakati wa kupika. Kisha akapiga vanishi. Alipiga juu, ikakauka, akapiga tena. Akaugeuza, akapiga chini vile vile, hadi kwenye nyayo za fremu. Siku zote hizo alikuwa akipiga mluzi, na mluzi wake ulikuwa mbaya ajabu, na mkewe hakuwahi kusikia kitu kizuri kuliko hicho.

Siku ya kuuweka, Bi Pindo alitandaza kitambaa, akashika mkasi wake mzito, akaegemea. Mfuniko ukaondoka. Uliteleza kuelekea ukutani ukagonga vigae, naye akaufuata nusura akumbatiane na bomba. Alielewa papo hapo. Chuma cha jiko kilikuwa kinang'aa, na nyayo za mfuniko zilikuwa zinang'aa, bamia juu ya bamia. Duniani kuna maseremala wengi, lakini ni mmoja tu ambaye angepiga vanishi mpaka kwenye nyayo.

Aligeuka kumwambia. Mumewe alikuwa mlangoni, tambara begani, vanishi kwenye kucha, akingoja.

Bi Pindo akausogeza mfuniko mahali pake, akaubana kwa tumbo, akakata kitambaa kipande kimoja kirefu bila kukosea. "Umekaa," alisema. "Umekaa kama ulizaliwa hapo."

Alijua amesema uongo, na alijua kwa nini. Akisema unateleza, gunia litarudi uvunguni, na safari hii halitatoka tena. Kwa hofu hiyo alikuwa tayari kubana mbao kwa tumbo mpaka mwisho wa maisha yake. Mumewe akiwa karibu, alibana. Akitoka, alichomeka kitambaa chenye unyevu chini ya fremu, na akisikia hatua kwenye ngazi alikivuta haraka akakificha mfukoni, kwa sababu mzee alipenda kuutundua na kuuweka mfuniko kwa mikono yake mwenyewe. Aproni yake ilikuwa na doa la maji pale mfukoni kutwa. Mumewe alimuuliza mara moja kama ana tatizo la kiafya.

Mambo yangeendelea hivyo kama si jirani wa mlango wa pili, nesi, mwanamke mwembamba kama sindano zake. Alikuja kuazima kiberiti, akauona mfuniko, akaupapasa.

"Shikamoo, baba. Hii kazi yako?"

"Marahaba. Yangu."

"Na mimi nataka kama huu huu. Jikoni kwangu hata pa kukatia kitunguu sina."

"Utaupata," alisema Fundi Pande Mbili kabla nesi hajafunga mdomo, na shingo yake ikanyooka.

Chema chajiuza, lakini Bi Pindo alihisi moyo unashuka. Mfuniko wake ulikuwa siri ya tumbo lake. Nesi hakuwa na tumbo la kubana kitu, na angekuwa na kisu mkononi. Mfuniko wa pili ukiteleza, mzee angesikia habari hiyo kutoka kwa mteja, kama alivyosikia ya mlango, na kwa sauti ile ile ya upole.

Siku hiyo hiyo alishuka kwa fundi viatu, aliyekuwa na kibanda chini ya ngazi.

"Nataka kitu kisichoteleza," alisema. "Cha kubandika chini ya mbao."

"Mbao gani, mama?"

Hapo ndipo alipokosea. Fundi viatu na mumewe walikuwa wakisalimiana kila asubuhi, na habari hupanda ngazi haraka kuliko watu. "Miguu ya stuli," alisema.

Fundi viatu alimkatia vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, akamtilia gundi ya viatu kwenye kikopo. "Paka kwenye mpira, paka na kwenye mbao, ungoje. Ukigusa, isipokushika kidole, ndipo ubandike. Ukiwahi, umeharibu." Alimweleza yote yanayofaa kwa miguu ya stuli. Ya vanishi hakuyataja, na angeyatajaje, wakati stuli aliyoiwaza yeye ilikuwa mbao kavu.

Mumewe alipokwenda kutafuta mbao za nesi, Bi Pindo aliugeuza mfuniko, akapaka, akangoja, akabandika. Aliugeuza tena akaegemea. Haukusogea. Alikata suruali nzima huku tumbo lake likiwa mbali, na akajiona mwerevu.

Kesho yake jioni aliutundika mfuniko ukutani, akawasha jiko ateleke maji ya chai. Hakuona kwamba kipande kimoja cha mpira kilikuwa kimebanduka kikaangukia kwenye kichomeo. Moshi ulipanda mweusi, na harufu ikajaa nyumba nzima.

"Nani anachoma tairi?" aliuliza Fundi Pande Mbili kutoka chumbani, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo, alikuwa ameshafika kabla ya kujibiwa.

Bi Pindo alizima jiko, akafungua dirisha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na moshi. Mumewe alichokoa kile kipande kwa mwiko, akakitazama. Kisha akainua macho hadi kwenye mfuniko uliotundikwa, ambapo kipande kingine kilikuwa kimening'inia kama ulimi. Aliutundua, akaulaza sakafuni kifudifudi. Pale palipobanduka, gundi ilikuwa imekauka juu ya vanishi yake kama kamasi.

"Hii nini?"

"Mpira. Nimebandika mimi."

"Kwa nini?"

"Unateleza."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ulisema umekaa kama ulizaliwa hapo."

"Nilisema."

"Ulikuwa unaushika na nini?"

"Na tumbo," alisema Bi Pindo.

Mzee alilitazama tumbo hilo. Siku nyingine angecheka. Aligeuza ndoo, akaikalia, mikono juu ya magoti, kama vile alivyokaa dirishani, na mkewe alipouona mkao ule machozi yalimlengalenga.

"Niliogopa gunia," alisema. "Niliogopa ukisikia utafunga vitu vyako urudi pale kitini. Nimechoka kukuona pale, mume wangu. Afadhali nibane mbao."

Mumewe akasema, "Unakumbuka gauni la harusi la binti yetu?"

"Nitaachaje kulikumbuka? Watu wako mlangoni, wewe unaniambia pindo limekwenda kombo."

"Lilikuwa limekwenda?"

"Lilikuwa limekwenda," alikiri. Alilifumua na kulishona upya na pini mdomoni, akimlaani kimoyomoyo, na bibi harusi akatoka na pindo lililonyooka.

"Sikukuhurumia," alisema mzee. "Ulikuwa fundi, nikakwambia kama fundi. Yule bwana wa mlango, angenigombeza ningelala usingizi. Aliponihurumia ndipo nilipojua nimekwisha. Na sasa wewe."

Maneno hayo yalimchoma Bi Pindo, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Kwa muda wote ule alidhani anamlinda, kumbe alikuwa anamwongezea kile kile kilichomvunja. Alifuta mikono kwenye aproni.

"Unataka nikugombeze?"

"Nigombeze."

"Vizuri," alisema Bi Pindo, na akavuta pumzi. "Mtu gani mwenye akili zake anapiga vanishi kwenye nyayo? Ukuta una macho, tumesikia. Sasa jiko nalo lina macho? Linachungulia nini huko chini? Ungepiga na soli za viatu vyako tukuokote kwenye ngazi. Nusura nigonge bomba kwa paji la uso kwa ajili ya umaridadi wako. Nimetembea na aproni mbichi mpaka ukaniuliza habari za afya yangu. Kazi nzuri ya juu, ya kati nzuri, ya chini ni ujinga mtupu."

Fundi Pande Mbili alimsikiliza mpaka mwisho, kwa makini, kama anayesikiliza vipimo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ndoo isimwangushe, na Bi Pindo, ambaye alikuwa bado ana maneno, akayaacha akacheka naye.

"Mpira wako umebanduka kwa sababu gundi haishiki mng'aro," alisema alipopata pumzi. "Fundi viatu hakukwambia ukwangue kwanza?"

"Nilimwambia ni stuli."

"Basi umevuna ulichopanda. Nipe msasa."

Aliuchukua, akauweka juu ya unyayo wa fremu, na mkono ukasita. Tangu ujana wake hakuwahi kuondoa vanishi yake mwenyewe. Kisha akasugua. Vumbi jeupe likamwagika, na chini yake mbao ikatokea kavu, na alama ndogo ya meno ya mtoto ambaye zamani aliwahi kung'ata kitanda chake. Wote wawili waliiona. Aliizunguka, hakuisugua.

Bi Pindo alikata vipande vipya vya tyubu kwa mkasi wa karatasi, maana fundi cherehani hagusishi mpira na mkasi wa nguo hata kwa ajili ya ndoa. Walipaka huku na huku, wakangoja, kila mmoja akajaribu kwa kidole chake na kumkataza mwenzake asiwahi. Walipobandika waliutandikia gazeti, wakaukandamiza kwa sufuria iliyojaa maji, wakanywa chai yao ikiwa imechelewa.

"Na mimi nina langu," alisema mzee, akitazama ndani ya kikombe. "Tepu siisomi tena. Namba zinaogelea. Huu niliupima kwa kamba, nikapiga mafundo."

"Najua. Kamba niliikuta mfukoni nikifua."

"Na hilo nalo ulinyamaza?"

"Lilikuwa la mwisho," alisema Bi Pindo, na likawa la mwisho kweli.

Gundi ilipokauka waliuweka. Aliegemea kwa nguvu zake zote na tumbo likiwa mbali. Kisha mzee akasukuma kwa viganja viwili, miguu imekita sakafuni. Jiko zima lilitikisika kidogo, lakini mfuniko haukutoka mahali pake. Wakawekeana sharti moja tu: jiko lipoe kwanza ndipo mfuniko ukae, kwa kuwa mpira na moto wameshajuana vya kutosha.

Kwa nesi walikwenda pamoja. Fundi Pande Mbili alishika ncha ya tepu, Bi Pindo akasoma, akaandika kwa chaki juu ya ubao kama alivyoandika viuno na mabega ya watu miaka yote.

"Mama naye ni seremala?" aliuliza nesi.

"Huyu ni macho," alisema mzee bila kuona haya. "Mimi ni mikono."

Mfuniko wa nesi aliupiga vanishi juu, akapiga na chini, katikati, kwa sababu tabia ni ngozi. Nyayo za fremu aliziacha kavu, tayari kwa mpira. Nesi aliuegemea kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi, akatangaza kwamba atamwambia dada yake, na dada yake ana jiko kubwa zaidi.

Asubuhi iliyofuata Bi Pindo alifagia uvunguni. Gunia lilikuwa limelala pale, tupu na limekunjwa vizuri, na kamba yake juu. Randa, misumeno na patasi vilikuwa vimetundikwa ukutani, karibu na cherehani. Alilichukua gunia, akalifua, akalianika dirishani. Lilipokauka alilitandaza juu ya mfuniko, akachukua mkasi, akaanza kulikata miraba.

Mumewe aliingia kutafuta chaki. Alisimama.

"Hilo si gunia langu la vifaa?"

"Lilikuwa," alisema Bi Pindo bila kuinua macho. "Nakukatia matambara ya vanishi. Yale mengine yamekwisha."

"Na vifaa vyangu nitavitia wapi?"

"Viache vilipo."

Fundi Pande Mbili alimtazama akikata. Gunia lilikuwa gumu, na ilibidi aegemee mfuniko kwa uzito wake wote kila mkasi ulipopita, na mfuniko haukusogea. Alichukua tambara la kwanza, akalinusa, akaliweka begani.

"Ukimaliza njoo unisomee tepu," alisema, na akaenda zake akipiga mluzi.